Ujumbe Usio na Salamu

Asubuhi ile vipanya vya kompyuta vilipochukuliwa, Joviana alidhani ni utani. Alifika ofisini, akavuta kiti, akanyoosha mkono wa kulia kama alivyozoea, na mkono ukagusa meza tupu. Aliinama akaangalia chini ya meza. Akaangalia nyuma ya kompyuta.

"Ma Joviana, usihangaike," Evelyne alimwambia kutoka meza ya pili. "Cha kwangu nacho kimeliwa. Meneja ameingia na paka."

Mugisha alitoka chumbani kwake akicheka, funguo za kabati mkononi. Alikuwa kijana wa Bukoba aliyesoma Dar es Salaam na kurudi nyumbani kuongoza ofisi hii ndogo ya chama cha wavuvi wa visiwani. Hakuwa mtu mbaya. Mvua ikinyesha jioni alikuwa akimpeleka Joviana kwa gari mpaka mlangoni kwake Nshambya, na njia nzima alimuuliza habari za migomba kama mtu anayetaka kujua kweli.

"Vipanya vimefungiwa," alisema. "Mpaka Ijumaa tunatumia kibodi peke yake. Kila mkono unapoondoka kwenda kushika kipanya, akili nayo inaondoka. Inarudi imesahau ilikuwa inafanya nini. Mikono ikitulia mahali pamoja, akili inatulia."

"Na mimi ambaye akili yangu iliondoka na ujana?"

"Tutaikamata na hizi hizi kontroli, mama."

Basi wakajifunza. Kontroli na C kunakili, Kontroli na V kubandika, Kontroli na Z kurudisha ulichokosea. Alt na Tab kuruka kutoka dirisha moja kwenda jingine. Joviana alikuwa amepita umri wa kujifunza vitu kwa haraka, na siku ya kwanza alifuta ukurasa mzima wa taarifa huku akidhani anauhifadhi. Hakuna aliyemcheka. Kesho yake alikuta Evelyne ametia rangi nyekundu ya kucha kwenye pembe za vile vitufe alivyokuwa akivikosea, katone kadogo tu, ili macho yavione upesi. Mchana Joviana alimgawia nusu ya ndizi zake na maharage, ile nusu yenye nyama.

Ofisi yenyewe ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa la Hemant, na dirisha lake lilitazama ziwa na kisiwa cha Musira. Kazi ya Joviana ilikuwa moja kubwa na nyingine nyingi ndogo. Ile kubwa ilikuwa hii: kila asubuhi watu wa hali ya hewa walileta taarifa ya ziwa kwenye kompyuta, upepo utavumaje na mawimbi yatakuwaje. Yeye aliisoma, akaiweka katika Kiswahili cha watu, akaituma kwenye simu za wasimamizi wa mialo ya visiwani, pale mitumbwi inapoegeshwa, Bumbire, Goziba na vile vidogo. Wasimamizi waliwasomea wavuvi jioni, kabla mitumbwi haijatoka kwenda kuvua dagaa.

Kwa miaka yote aliyofanya kazi hiyo, kila mwalo aliuandikia peke yake. Alilelewa kwamba mtu haingii katika ua wa mwenzake akiwa na neno mdomoni. Unaingia, unasalimia, unakaa, unapewa kahawa ya kutafuna, punje chache zilizochemshwa na kukaushwa, ndipo unasema kilichokuleta. Habari isiyotanguliwa na salamu ni habari ya mgeni, na mgeni asiyesalimia haaminiki. Kwa hiyo alimwandikia Kagaruki, msimamizi wa Goziba, akianza kwa heshima ya kwao, mzee wetu, namna hii:

"Ta Kagaruki waitu, habari za hapo Goziba? Sisi tumeamka. Ziwa leo litakuwa tulivu mpaka usiku, halafu upepo mdogo wa kusini. Mwambie Ayubu kwamba kule Muleba kwa mama yake mvua imenyesha, maharage yamepona. Damian asitoke bila kula. Ni mimi Joviana."

Damian alikuwa mwanawe, kitinda mimba wake, mvuvi wa dagaa. Simu yake ilizama ziwani na hakununua nyingine, maana alisema salamu za mama zinamfika bila simu. Na kweli zilimfika. Kagaruki alisoma ujumbe kwa kipaza sauti pale mwaloni, mitumbwi ikiwa imepangwa tayari, na vijana waliotoka Mwanza na Mara na Biharamulo, vijana wasiokuwa na mtu wa kuwasalimu, walisimama kusikiliza. Walipenda kusikia majina. Wakajifanya wote ni watoto wa Joviana. Majibu yalikuwa yakija kila jioni: "Mama, na mimi niulizie mvua ya kwetu." "Mama, Ayubu anasema ahsante, na anasema Damian amekula mara mbili." Huyu Ayubu alikuwa mvulana wa Muleba aliyefika Goziba mwaka mmoja na Damian, na walishikana kama ndugu, ingawa kila mmoja alikuwa na mtumbwi wake.

Kazi hiyo ilimla Joviana asubuhi nzima.

"Mama, unaandika barua za posa humu," Mugisha alimwambia wiki ile ya kujifunza, akisoma juu ya bega lake. Alisema kwa upole. "Hebu nikuonyeshe."

Alimtengenezea maneno yaliyokaa tayari ndani ya kompyuta. TAHADHARI KWA WATUMIAJI WA ZIWA. Halafu upepo, halafu mawimbi, halafu CHUKUA HATUA. Joviana alitakiwa kubadilisha tarakimu tu. Kontroli na A, kukamata yote yaliyokuwapo. Kontroli na M, M ya mwalo, na maneno mapya yakaanguka mahali pake. Kontroli na Enter, yakaenda mialo yote kwa mara moja. Alt na F4, dirisha likafungwa.

"Na salamu?" Joviana aliuliza.

"Ongeza ukitaka, mama. Hakuna anayekukataza."

Siku za mwanzo aliongeza. Halafu aliongeza kwa Goziba peke yake. Halafu ikaja asubuhi moja yenye taarifa nyingi za chama, akaona leo niache, kesho nitawasalimu vizuri. Hiyo kesho haikufika. Si kwamba aliwasahau. Ni kwamba ilikuwa tamu, ile haraka. Mwanamke aliyekuwa akiitwa mzito tangu shule ya msingi sasa alikuwa akimaliza kazi kabla ya chai, na Mugisha alimwita mbele ya wageni wa chama akasema, "Huyu ndiye mwalimu wetu wa kibodi." Vipanya vilirudishwa Ijumaa kama ilivyoahidiwa, lakini cha Joviana kilibaki pembeni kikijaa vumbi.

Vidole vyake vikawa na haraka yao wenyewe. Nyumbani, akimenya ndizi, aliviona vikigonga mpini wa kisu: kidole kidogo na cha shahada, kidole kidogo na cha shahada. Kanisani, wakisali rozari, vilifika kwenye punje inayofuata moyo ukiwa bado katikati ya Salamu Maria, na mara mbili alimaliza fungu bila kukumbuka kwamba alikuwa amelisali. Alivificha chini ya kanga. Viliendelea kugonga humo ndani.

Ofisini nako kukawa kimya. Zamani walikuwa wakiinuka, wakiulizana, wakisoma majibu ya wavuvi kwa sauti na kuyacheka. Sasa ilisikika mlio wa vitufe tu, kama mvua ndogo inayopiga bati bila kulowesha kitu. Na kwa kuwa dirisha la ujumbe lilikuwa linafungwa mara tu ujumbe ukienda, Joviana hakuona kwamba majibu yalikuwa yamepungua. Hakuona pia yalipokoma. Mtu hasikii jogoo alipoacha kuwika. Anashtuka tu jua likiwa limeshamchoma usoni.

Siku yenyewe ilianza vizuri kupita kiasi. Hewa ilikuwa safi, na Musira ilionekana karibu, kama kwamba usiku mtu alikuwa ameivuta kuileta pwani. Miti yake ungeweza kuihesabu. Ziwa lilikuwa limelala, rangi yake kama sufuria ya zamani. Joviana alisimama dirishani na kikombe chake, akaitazama kidogo, lakini chai ilikuwa ya moto na kazi ilikuwa inasubiri.

Taarifa ya hali ya hewa ilikuwa mbaya. Upepo mkali kutoka kusini kuanzia jioni, mawimbi makubwa mpaka alfajiri, vyombo vidogo visitoke. Alibadilisha tarakimu. Kontroli na A, Kontroli na M, Kontroli na Enter. Ukaenda. Alt na F4.

Alikuwa amewaonya. Alihamia kwenye taarifa za chama.

Baada ya chakula cha mchana ngazi zilisikika zikilia, akaingia Nuriat, mchuuzi wa dagaa, mwanamke mnene wa mizaha mingi aliyekuwa akikaa wiki nzima visiwani na kurudi na magunia. Aliposimama mlangoni na kumwona Joviana, alishika kiuno.

"Mawe, mama yangu! Kumbe uko hai!"

"Kwa nini nisiwe hai? Karibu ukae, Nuriat."

"Kule Goziba tumeshakulilia wewe. Wengine wanasema umestaafu, wengine wanasema umeolewa na mzungu. Nikasema huyo mzungu atakuwa na moyo." Alijitupa kwenye kiti akajipepea kwa ncha ya kanga. "Mbona hutuandikii, dada yangu?"

"Siwaandikii? Ninawaandikia kila siku iendayo kwa Mungu."

"Kila siku? Unaandika wapi?"

"Tahadhari. Ya ziwa. Kila asubuhi."

Nuriat aliacha kujipepea. "Zile? Zile zenye herufi kubwa?" Alimtazama Evelyne, akamtazama tena Joviana, na uso wake ukapoteza mzaha. "Dada, zile hakuna anayezisoma. Sisi tulijua ni za kampuni ya simu. Zinakuja kama zile za umeshinda bahati nasibu, hazina salamu, hazina jina la mtu. Mwanzoni Ta Kagaruki alizisoma. Kila siku tahadhari, kila siku chukua hatua, na ziwa limelala kama mtoto. Vijana wakamzomea. Siku hizi anazifuta bila kuzifungua."

Chini, dukani, mtu alikuwa akipasua kitambaa, na sauti ile ndefu ikapanda mpaka kwao.

"Na ya leo?" Joviana aliuliza.

"Kwani ya leo ina nini?"

Evelyne alikuwa ameshashika simu. Alipiga namba ya Kagaruki, akasikiliza, akatikisa kichwa. "Haipatikani."

"Haipatikani mpaka apande kwenye mwamba," Nuriat alisema. "Anaifunga kutunza chaji. Jua likianza kuinama ndipo anapanda juu kule kwenye mtandao, anafungua, anatazama kilichoingia, anashuka. Akishashuka mitumbwi inatoka."

Joviana alitazama dirishani. Jua lilikuwa limeshaanza kuinama.

Mugisha alitoka chumbani kwake aliposikia vitufe vimenyamaza. Evelyne alimweleza kwa maneno machache. Alisimama akishika mgongo wa kiti cha Joviana.

"Yale maneno niliyaandika mimi," alisema.

"Na mimi ndiye niliyeyatuma," Joviana alisema. "Ngoja niandike, mwanangu."

Alifungua dirisha la ujumbe. Akaweka mikono juu ya vitufe vyenye matone mekundu, akaandika: Ta Kagaruki waitu, ni mimi Joviana. Akaandika habari ya upepo. Aliandika haraka, na alipofika mwisho vidole vyake havikumsubiri. Kontroli na A. Kontroli na M. Kontroli na Enter. Vilifanya vyote vitatu kama mtu anavyopangusa jasho usoni, na alipotazama, barua yake ilikuwa imemezwa, na TAHADHARI KWA WATUMIAJI WA ZIWA ilikuwa imekwenda Goziba kwa mara ya pili siku ile.

"Rudisha!" Evelyne alisema. "Kontroli Z!"

Joviana alibonyeza. Akabonyeza tena. Kompyuta ilikaa kimya. Kilichotumwa hakikurudi.

Sasa kulikuwa na tahadhari mbili kwenye simu ya Kagaruki, zikingoja kufutwa pamoja.

Joviana aliondoa mikono yote miwili kwenye kibodi. Aliitazama kama vile ilikuwa mikono ya mwanamke mwingine aliyekaa naye kiti kimoja. Kisha mkono wa kushoto akaukalia. Aliukalia kabisa, chini ya paja, kama mtoto anayezuiwa kuchokonoa kidonda. Akanyoosha kidole kimoja cha mkono wa kulia, akaanza kutafuta herufi moja moja, kama siku ya kwanza alipoonyeshwa mashine.

Ilikuwa polepole mno. Mugisha alivuta kiti akakaa karibu, na kwa mara ya kwanza tangu arudi kutoka Dar es Salaam hakumwonyesha njia nyingine. Evelyne aliendelea kuwapigia wasimamizi wa mialo mingine, mmoja baada ya mwingine. Nuriat alichukua rozari ya Evelyne mezani akaishika tu, ingawa yeye alikuwa Mwislamu, kwa sababu mikono yake nayo ilitaka kitu.

"Ta Kagaruki waitu, ni mimi Joviana, sijafa. Nisamehe, nimewanyima salamu siku nyingi. Nuriat ameniambia yote. Leo ziwa litachafuka. Upepo mkubwa wa kusini, kuanzia jioni mpaka alfajiri. Bojo, nakusihi, usiruhusu hata mtumbwi mmoja. Mwambie Damian mama yake amesema."

Hapo kidole kilisimama. Baada ya Damian, siku zote, lilikuja jina la Ayubu na habari za mama yake. Joviana alitafuta kichwani habari hiyo na hakuikuta. Hakuwa ameuliza. Hakujua kama kule Muleba kulinyesha au kumekauka, kama yule mama alikuwa mzima au mgonjwa. Akaandika: "Mwambie Ayubu asitoke. Habari za nyumbani kwao nitamtafutia." Akautuma kwa kubonyeza mahali pa kutuma, kwa kipanya kilichojaa vumbi.

Kisha wakangoja.

Upepo ulifika Bukoba kabla ya jibu. Kwanza ziwa lilibadilika upande wa Musira, mstari mweusi ukitembea juu ya maji. Halafu kisiwa chenyewe kikafifia. Halafu madirisha yakagonga yote kwa pamoja, na chini mke wa Hemant, Shanta, alisikika akiwaita watu waingize majora yaliyoning'inizwa nje. Mtu mmoja dukani alipanda ngazi na taa ya betri, akaiweka mezani kwao, akasema Mama Shanta amesema umeme utakatika, akashuka. Wakati ule Joviana hakumtilia maanani. Alimkumbuka baadaye.

Umeme ulikatika, lakini kompyuta ya Mugisha ilikuwa ya mkononi, wakahamia huko. Ndipo jibu likaingia.

Evelyne alisoma, kwa kuwa macho ya Joviana yalikataa.

"Mama Joviana waitu, tumefurahi sana. Nimewasomea, wamepiga makofi kusikia hujafa. Mitumbwi tumeivuta juu yote. Lakini wa Ayubu ulitoka mapema, walitaka kuwahi upande wa Bumbire. Hatuwaoni tena hata kutoka hapa mwambani. Upepo umeshafika. Damian ameshusha mtumbwi anataka kumfuata. Vijana wamemshika. Hasikii mtu. Nimemwambia kwa kipaza sauti angoje neno lako. Andika upesi, usipige simu, chaji inakwisha."

Nuriat alisema jambo kwa sauti ya chini, dua au laana.

"Mwandikie akae," Mugisha alisema. "Mama. Mwandikie sasa hivi."

Joviana aliivuta kompyuta karibu. Mwanawe alikuwa amesimama majini, kamba mkononi, akimngoja. Ilimtosha kuandika neno moja. Lakini aliona pia, wazi kama alivyoiona Musira asubuhi, kwamba Ayubu naye ana mama, na mama yule hakuwa na kompyuta, hakuwa na ofisi wala dirisha la kutazamia ziwa, wala hakujua kwamba wakati huu kuna mtu ameshika neno ambalo yeye angelitaka liandikwe kinyume. Nenda, mwanangu. Nenda ukamlete wangu. Hivyo ndivyo yule mama angeandika. Na Damian angekwenda, na upepo ungewachukua wote wawili.

Kwa jambo hili hapakuwa na njia ya mkato. Aliandika kwa kidole kimoja.

"Damian mwanangu, kaa. Usiende. Neno hili ni langu, si lako. Nitalibeba mimi."

Lilikwenda. Bati la ghorofa lilinguruma juu yao. Walikaa wote wanne wakiutazama mwanga mdogo wa kompyuta, na baada ya muda jibu la mwisho likaja, fupi.

"Amekaa. Amekaa chini mchangani."

Baada ya hapo simu ya Goziba haikupatikana tena.

Asubuhi ziwa lilikuwa limetulia, kama mtu aliyekula akashiba. Mugisha alifika Nshambya kabla Joviana hajawasha moto. Aliacha gari barabarani akaja kwa miguu kati ya migomba iliyolala chini, na kwa jinsi alivyovua kofia mapema Joviana alijua. Watu wa Bumbire walikuwa wamekuta mtumbwi umepinduka. Wawili walikuwa wameng'ang'ania ubavuni, wazima, wanatetemeka. Ayubu hakuwa nao. Bado wanatafuta, Mugisha alisema, lakini alisema akitazama chini.

"Mama yake amejua?"

"Hana simu. Mwenyekiti wa kitongoji nimemkosa."

"Basi nipeleke."

Evelyne alikuwa tayari ndani ya gari, kiti cha nyuma. Alikuwa ameleta chupa ya chai na ndizi za kuchoma zilizofungwa kwenye jani, na hakumlazimisha mtu kula. Barabara ya Muleba ilikuwa imejaa majani na matawi. Njiani Mugisha alisema, "Yale maneno nitayafuta leo," na Joviana akamgusa bega, maana aliona kijana anaendesha huku analia.

Nyumba ya Celina, mama yake Ayubu, walionyeshwa na wanawake kisimani. Ilikuwa nyumba ndogo safi ndani ya kibanja, lile shamba la nyumbani, mikahawa imezaa mpaka matawi yameinama. Celina mwenyewe alikuwa anainua mgomba ulioangushwa na upepo, akiuwekea mti wa kuuegemeza. Alipoona watu watatu wa mjini wanashuka njiani, aliacha kila kitu, akapangusa mikono kwenye kanga, na akaja akitabasamu.

"Karibuni, karibuni waitu! Na upepo ule wa jana bado mmefika? Ingieni mkae."

Joviana alisalimia. Alipojitaja jina, Celina alipiga magoti, akamshika mikono yote miwili.

"Joviana! Yule wa salamu? Mawe! Ayubu kila akija nyumbani ni Mama Joviana hivi, Mama Joviana vile. Alinieleza unavyomuulizia mvua ya huku kwangu. Nikasema, kuna mtu asiyenijua ananiulizia mvua! Keti, keti bojo, usisimame kama polisi."

Aliingia ndani haraka, wakamsikia akisogeza vyombo na kuimba kidogo. Alirudi na kahawa ya kutafuna katika kikapu kidogo kilichosukwa vizuri, kile cha wageni wa heshima. Alimpa Joviana kwanza, akimmiminia punje kiganjani kwa mikono miwili, kisha Evelyne, kisha Mugisha. Halafu akaketi mkekani mbele yao, akanyoosha miguu kama mtu aliyejaliwa siku nzuri.

"Haya," alisema. "Nipeni za Goziba."

Joviana alizishika zile punje. Mkono wake ulikuwa umetulia kabisa, hakuna kidole kilichogonga. Hakuzitia mdomoni. Na Celina, aliyekuwa bado anatabasamu, akaanza kuutazama ule mkono.